UZI: Uchaguzi mdogo wa ugavana Nairobi, Februari 2021. Nani aliumeza?

#1 Wadi_ya_85
Wakuu, salamu. Naenda moja kwa moja.

Kuna jambo limenikaa kooni miaka yote hii na kila nikilileta kijiweni wasee wanahamisha stori. Seneti ilimbandua gavana wetu Mike Sonko usiku wa tarehe 17 Desemba 2020. Naibu gavana hakuwepo, kwa hiyo Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akaapishwa tarehe 21 akaimu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza: 18 Februari 2021 Nairobi inachagua gavana. Kina Margaret Wanjiru, Agnes Kagure na Dennis Waweru wakaanza kumezea mate tiketi ya Jubilee, chama tawala wakati huo. Mimi mwenyewe nilishahakikisha jina langu liko kwenye daftari la kituo changu.

Halafu kimya. Januari mahakama ikasimamisha shughuli. Tarehe 15 Januari bunge la kaunti likampiga msasa Ann Kananu, akaapishwa kuwa naibu gavana siku hiyo hiyo, na habari ya kura ikaishia hapo. Mji wa wadi 85, maeneo bunge 17, haukuulizwa chochote.

Dai langu: ule uchaguzi haukufa kifo cha kawaida. Umemezwa na watu walioona hawawezi kuushinda. Mwenye hoja tofauti aje na tarehe, asije na hasira.

#2 Jogoo_la_Kayole
Nimekaa mbele na njugu zangu. Endeleeni.

#3 Msoma_Ibara
@Wadi_ya_85 hoja ni tamu ila sheria unaipita mbio. Ibara ya 182 ya Katiba iko wazi: gavana akitoka, naibu anamalizia muhula. Naibu akiwa hayupo, spika anashika kiti na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60.

Sasa swali ni kwa nini Nairobi haikuwa na naibu. Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018, hata nusu mwaka haujaisha tangu kura ya Agosti 2017. Katiba haikueleza naibu aliyejiuzulu anajazwa vipi. Machi 2018 Mahakama ya Juu ikatoa ushauri: gavana apeleke jina ndani ya siku 14, bunge la kaunti liamue ndani ya siku 60. Sonko akapeleka jina la Miguna Miguna mwezi Mei, halikupita. Kiti kikabaki kitupu mpaka Januari 2020 alipompendekeza Kananu, naye akakwamishwa na kesi ya mpiga kura mmoja. Kesi ilipoondolewa Januari 2021, bunge likamalizia kiporo. Naibu kapatikana, sababu ya kupiga kura imeondoka. Hakuna aliyemeza kitu.

#4 Nyumba_Kumi_Kumi
"Kesi ilipoondolewa." Tamu kweli kweli. Imelala mahakamani karibu mwaka mzima, ikaamka na kuondoka wiki chache kabla ya kura. Nasibu hiyo 😄

#5 Karani_wa_Zamani
Hata hiyo IEBC haikuwa safi. Seneti imepiga kura 17 Desemba. Hesabu siku 60, unaangukia 15 Februari. Wao wakaweka 18. Tangu mwanzo tarehe ilikuwa imepita, mtu yeyote angeenda kortini angeshinda.

#6 Msoma_Ibara
@Karani_wa_Zamani hapana. Soma kifungu cha 5 cha ibara hiyo hiyo. Siku 60 zinaanza spika anaposhika kiti, hazianzi gavana anapotoka. Mutura kashika 21 Desemba, mwisho wake ni 19 Februari. Tarehe 18 ilikuwa ndani, kwa siku moja.

#7 Karani_wa_Zamani
Kwa siku moja! Tume yenye nia ya kufanya uchaguzi haijipangii ukingoni namna hiyo. Hoja yangu inasimama, nimeibadilisha kiatu tu.

#8 Mama_Tumaini
Nyinyi mnasoma vifungu, mimi nasoma kalenda. Tarehe 15 Desemba 2020 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa Msambweni. Feisal Bader, mgombea huru aliyeungwa mkono na Ruto (naibu rais wakati huo), alimwangusha Omar Boga wa ODM ya Raila. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi yake Seneti ikambandua Sonko. Maana yake wakubwa wa handisheki, Rais Uhuru na Raila, waliingia kwenye suala la Nairobi wakiwa bado wanauguza kidonda cha Msambweni.

Februari hiyo hiyo mabunge ya kaunti yalikuwa yanapitisha mswada wao wa BBI wa kubadili katiba. Fikiria ufungue debe la mji mkuu katikati ya hayo. Ukishindwa Nairobi, BBI imekufa mkononi. Ndiyo maana nakubaliana na mwenye uzi kwa nusu: hofu ilikuwepo. Lakini hofu peke yake haimuapishi mtu, lazima pawe na mlango. Na mlango ulikuwa ule ule alioueleza @Msoma_Ibara.

#9 Jogoo_la_Kayole
Mama Tumaini umetuchanganyia chai na uji, na inanyweka.

#10 Pweza_wa_Diani
Msisahau sisi wa Kwale tulishiriki. Tarehe 3 Desemba bunge la kaunti la Nairobi linapiga kura ya kumtoa gavana, na kundi la MCA (wawakilishi wa wadi) liko huku pwani naye, linakula upepo. Jioni tunaambiwa waliounga mkono ni 88. Wale wa huku wakashangaa, wengine wakadai kura zao zimepigwa na vidole visivyo vyao. Kisa cha kura za mtandao wakati wa korona.

#11 Msoma_Ibara
Bunge lile lilikuwa na wanachama 122. Theluthi mbili ni 82. Hiyo hoja ya Kwale ilipelekwa Seneti na mahakamani pia, na haikumuokoa. Mahakama Kuu ilikubali kubanduliwa kwake mwaka 2021, Mahakama ya Juu ikamaliza kazi Julai 2022.

#12 Pweza_wa_Diani
Mimi sikusema iliokoa mtu. Nasema upepo ulikuwa mzuri.

#13 Wino_Mweusi
Niwape kisa changu maana mimi niliumia kwa njia nyingine.

Nachapisha fulana, nina mashine ya kubonyeza na vijana wawili. Mwisho wa Desemba alikuja mtu wa mtu (aspiranti simtaji) akaagiza fulana, akalipa malipo ya awali, akasema nyingine akichukua mzigo. Sharti lake: mgongoni iandikwe kubwa tarehe 18 FEB, ili watu wasisahau siku. Nikamshauri aache tarehe, aweke jina na rangi tu, maana nguo yenye tarehe inachacha kama maziwa. Akakataa. Tukachapa mpaka usiku, rangi ya manjano ikawa inashika vibaya kwenye kola, tukarudia.

Mahakama iliposimamisha uchaguzi, simu ikawa haishikwi. Mzigo ukabaki kwenye magunia chini ya meza. Mwishowe nilimuuzia fundi wa mjengo kwa bei ya kutupa, wafanyakazi wake wakavaa nje ndani. Mpaka mwaka ule unaisha ungepita pale ujenzini ungeona watu wanachanganya kokoto na herufi za kushonwa zimeangalia ndani: BEF 81.

Kwa hiyo mkisema hakuna aliyemeza kitu, mimi kuna deni langu tumboni mwa mtu.

#14 Jogoo_la_Kayole
BEF 81 😂😂 nimemwaga njugu.

#15 Nyumba_Kumi_Kumi
Pole sana Wino. Ila tuseme kweli, herufi za kuchapwa haziwezi kuwa za kushonwa. Ni zipi?

#16 Wino_Mweusi
Kuchapwa. Rangi nzito inapenya kitambaa chepesi, ukigeuza inaonekana kinyumenyume. Nimeandika haraka, mteja yuko mlangoni.

#17 Afande_Mstaafu
Nimesoma tangu juu. Wote mnaanzia Desemba 2020, na hapo ndipo mnapopotea. Serikali ya Nairobi ilianguka tarehe 25 Februari 2020, Ikulu, pale Sonko alipotia sahihi hati ya kuhamisha majukumu kwa Serikali Kuu chini ya ibara ya 187. Afya, uchukuzi, ujenzi, mipango ya mji: vyote vikaenda. Machi akaletwa Meja Jenerali Mohamed Badi kuongoza NMS, idara ya Serikali Kuu ya kuendesha majukumu hayo. Na gavana mwenyewe tangu Desemba 2019 alikuwa amezuiwa na mahakama asikanyage ofisi yake kwa sababu ya kesi iliyokuwa inamkabili.

Sasa angalia bajeti ya 2020. Kaunti ya bilioni 37.5, na bilioni 27.1 zinaelekezwa NMS. Sonko akakataa kutia sahihi. Akakataa tena. MCA nao wanasubiri pesa za kazi. Hapo ndipo hoja ya kumbandua ilipopata miguu, na mengine mliyosikia ni mapambo.

Kwa maana hiyo hata kura ingepigwa 18 Februari, mshindi angepewa funguo za ofisi ambayo ndani mna meza na kalenda ya mwaka jana. Uchaguzi wa nini? Waliouacha ufe hawakuona haja ya kuuokoa, wala hawakuhitaji kuumeza.

#18 Wadi_ya_85
@Afande_Mstaafu hapo umenigusa lakini unanisaidia. Kama kiti kilikuwa kitupu kiasi hicho, kwa nini kilipiganiwa mahakamani mpaka Novemba 2021? Kananu kaapishwa ugavana kamili tarehe 16 Novemba, baada ya kesi juu ya kesi. Hakuna anayepigania meza na kalenda.

#19 Afande_Mstaafu
Wanapigania muhuri. Hati ile ya kuhamisha majukumu ilikuwa ya miezi 24. Ikimalizika, mwenye muhuri ndiye wa kuongeza au kukataa. Ukimpata gavana aliyetoka mikononi mwa wananchi ana kura nyuma yake, anaweza kusema rudisheni vyangu. Ukimpata aliyepitia msasa wa asubuhi moja, anasema asante.

#20 Mama_Tumaini
Afande, hiyo ya "anasema asante" umemwonea mama wa watu. Alikuwa gavana wa kwanza mwanamke Nairobi na alikikuta kiti kikiwa hivyo.

#21 Afande_Mstaafu
Sijamtaja mtu kwa ubaya. Nasema kiti.

#22 Mzaramo_Halisi
Jirani zetu, mnalia kwa kukosa uchaguzi mmoja? Sisi Dar tumevunjiwa jiji zima mara mbili na hatukuitwa kupiga kura hata moja ya kufidia. 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaletwa Tume ya Jiji ya Charles Keenja mpaka 2000. Halafu tarehe 24 Februari 2021, yaani siku sita tu baada ya hiyo kura yenu ya hewa, Magufuli akalivunja tena Jiji, Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji. Ya pili sababu inajulikana: meya Isaya Mwita alikuwa Chadema.

#23 Bint_Ilala
@Mzaramo_Halisi hapo umekosea kaka. Isaya Mwita aling'olewa umeya Januari 2020. Jiji limevunjwa Februari 2021, zaidi ya mwaka baadaye, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020 madiwani karibu wote walikuwa CCM. Upinzani gani ulikuwa umebaki wa kuuvunjia jiji?

Sababu iliyotolewa ni kwamba Jiji lilikuwa limekaa juu ya manispaa tano ambazo ndizo zenye kata na wananchi, lenyewe likibaki na vikao na gharama. Uipende usiipende, lakini si ile ya Mwita.

#24 Mzaramo_Halisi
Bint Ilala, kumng'oa meya na kuvunja jiji ni ngazi mbili za nyumba moja. Walipanda ya kwanza 2020, wakamalizia 2021. Tarehe hazinikanushi.

#25 Bint_Ilala
Haya. Basi na mvua ya masika ni ngazi ya kiangazi.

#26 Mjukuu_wa_Kariakoo
Niwarudishe 1996 maana hapo ndipo penye mfanano na Nairobi. Baba yangu mdogo alikuwa karani kwenye ofisi moja ya mapato wakati huo. Siku tume ilipoingia, anasema kilichobadilika kwanza ni stakabadhi. Vitabu vya zamani vilikusanywa vyote, hata vile ambavyo havijaisha kurasa, vikafungwa kwa kamba ya katani na kuhesabiwa mbele ya mtu asiyemjua. Aliyekuwa na kitabu pungufu aliitwa pembeni. Uzoaji wa taka nao ukapelekwa kwa kampuni binafsi kata nyingi zaidi. Wazee wa mtaani waliisifu tume kuliko walivyowahi kusifu madiwani.

Lakini angalieni kilichotokea mwaka huo huo: Oktoba 1996 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge Temeke, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi akashinda. Dar ilikuwa mji wa kutisha kwa chama tawala. Sasa mtu akiniambia halmashauri ilivunjwa kwa uchafu na madeni, namkubalia, mji ulikuwa mchafu kweli. Akiniambia tume ilikaa miaka minne kwa sababu hakuna aliyetaka kufungua debe Dar, nalo siwezi kulitupa.

#27 Msoma_Ibara
@Mjukuu_wa_Kariakoo shukrani, hiyo ya stakabadhi sikuwahi kuisikia. Swali la kisheria kwa wa Bongo: hiyo tume ilipaswa kuwa na ukomo wa muda?

#28 Bint_Ilala
Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinampa waziri nguvu ya kuvunja halmashauri na kuweka tume mahali pake. Sisi tumezoea kupewa na kunyang'anywa: 1972 halmashauri zikafutwa kwa Madaraka Mikoani, za mijini zikarudi 1978, nyingine miaka ya themanini. Mtoto aliyezaliwa 1972 amekuta diwani anaitwa "zamani."

#29 Mzee_wa_Jeevanjee
Vijana, Nairobi hii hii imepitia hayo ya tume. 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa chini ya waziri Moses Mudavadi, meya akiwa Nathan Kahara. Tuliambiwa ni ya muda. Ikaja tume, ikafuata tume, mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ndipo tukapata madiwani, na Steve Mwangi akawa meya. Mtu aliyetimiza umri wa kupiga kura 1983 alifika karibu miaka thelathini hajawahi kumchagua diwani wa Nairobi.

Kabla ya hapo tulikuwa na mameya mnaowasoma vitabuni: Charles Rubia, Isaac Lugonzo, Margaret Kenyatta, Andrew Ngumba. Chochote utakachosema juu yao, walitoka kwa madiwani waliochaguliwa.

Kwa hiyo mimi dai la mwenye uzi naliona dogo. Si kwamba mtu mmoja alimeza uchaguzi wa 2021. Mji mkuu Serikali Kuu haijawahi kuupenda ukiwa na mwenyewe.

#30 Nyumba_Kumi_Kumi
Mzee shikamoo. Nimegundua kitu baada ya kusoma wewe na Mjukuu. Fred Gumo aliongoza tume ya Nairobi mwishoni mwa ile miaka, baadaye akawa mbunge wa Westlands. Keenja aliongoza tume ya Dar, mwaka 2000 akawa mbunge wa Ubungo na waziri wa kilimo. Yaani unapewa jiji bila kura, ukitoka unaomba kura na unapewa. Wananchi tunalalamika kuhusu tume kisha tunaichagua.

#31 Mzee_wa_Jeevanjee
Marahaba. Hapo umenifunga mdomo kwa nusu saa.

#32 Jogoo_la_Kayole
Afadhali Jenerali Badi hakuomba.

#33 Kisima_cha_Mukuru
Mimi ni wa huku chini, acha niseme kinachowaudhi wasomi. Wakati wa NMS tulichimbiwa kisima mtaani. Foleni ya mitungi ilianza kabla ya alfajiri, mama mmoja alikuwa akiweka kandambili zake mahali pake kwenye mstari akarudi kulala, na hakuna aliyezisogeza. Maji yalitoka. Hakuna gavana wala MCA aliyekuwa ametufanyia hilo kabla, na nimepiga kura kila mara.

Nikiulizwa Februari 2021 nilichagua nini, ningejibu nilichagua maji. Sitetei mtu. Ila wengi wetu hatukuona uchaguzi umepotea kwa sababu hatukuuhisi unatuletea kitu.

#34 Wadi_ya_85
@Kisima_cha_Mukuru nakuheshimu kwa hilo. Lakini kisima kikikauka, unampigia nani simu? Jenerali?

#35 Kisima_cha_Mukuru
Na MCA nilimpigia nani? Simu yake niliipata kwenye bango, iliita mpaka nikachoka.

#36 Karani_wa_Zamani
Tuache maji. Kuna ibara ambayo hakuna aliyeigusa, ya 192. Inampa Rais nguvu ya kusimamisha serikali ya kaunti, lakini lazima kwanza iundwe tume huru ya uchunguzi, Seneti ikubali, na kusimamishwa kusizidi siku 90. Baada ya hapo wananchi wanapiga kura upya, gavana na MCA wote wanarudi kwa debe. Kama Nairobi ilikuwa imeoza kweli, kwa nini haikuletwa hiyo? Kwa sababu ile inaishia kwenye kura, hati ya Ikulu haiishii. Hapo ndipo kwenye siri yote.

#37 Msoma_Ibara
Hoja nzuri, labda bora kuliko zote humu. Ila kumbuka ilijaribiwa Makueni. Gavana Kivutha Kibwana na MCA wake walifikia mahali risasi zinalia Septemba 2014. Wananchi wakapeleka ombi kaunti ivunjwe, tume ya Mohamed Nyaoga ikachunguza, ikapendekeza isimamishwe. Uhuru Kenyatta akakataa Septemba 2015, na Makueni ikaendelea. Kwa hiyo njia hiyo ni ndefu na mwisho wake uko mfukoni mwa mtu mmoja.

#38 Karani_wa_Zamani
Na hakika Kibwana alichaguliwa tena 2017. Watu wa Makueni wenyewe walikuwa tayari kurudi kwa debe. Nairobi hatukuulizwa hata kama tuko tayari.

#39 Mama_Tumaini
Wengine walisema wakati ule kwamba kura ni gharama, na korona iko. Nikumbushe: tarehe 4 Machi 2021, wiki mbili baada ya ile 18 Februari, Matungu na Kabuchai walipiga kura ya ubunge. Mei ikaja Juja, Jubilee ikapigwa na George Koimburi. Julai ikaja Kiambaa, ikapigwa tena na UDA, chama cha Ruto, kwa kura chache. Korona ilikuwa ile ile na barakoa zile zile. Tena hizo Juja na Kiambaa zinaonyesha waliohofia Nairobi hawakuwa wanaota.

#40 Msoma_Ibara
Juja na Kiambaa ni baada. Huwezi kutumia matokeo ya Julai kueleza woga wa Januari.

#41 Mama_Tumaini
Wanasiasa wana vipimo vya watu wao kabla ya sisi kuona masanduku. Januari walikuwa wanajua.

#42 Pweza_wa_Diani
Na Januari hiyo waliokuwa wanajua ni wale wale waliopigwa Msambweni bila kujua. Chagueni moja.

#43 Jogoo_la_Kayole
Pweza ana mikono minane na yote ina kiberiti.

#44 Wino_Mweusi
Nimerudi. Swali langu ni jepesi: ingepigwa, nani angeshinda?

#45 Nyumba_Kumi_Kumi
Usianze.

#46 Kisima_cha_Mukuru
Sonko mwenyewe, kama angeruhusiwa. Msinipige mawe. Huku kwetu alikuwa anajulikana hata na watoto.

#47 Afande_Mstaafu
Aliyebanduliwa haruhusiwi. Ndiyo maana 2022 alijaribu hadi Mombasa kwa tiketi ya Wiper na mlango ukafungwa.

#48 Pweza_wa_Diani
Mombasa tulisema tuna magavana wetu wa kutusumbua, asante.

#49 Wadi_ya_85
Kinachonichekesha ni Igathe. Yeye ndiye aliyeacha kiti cha naibu 2018, likatokea pengo ambalo lilituletea haya yote, halafu 2022 akarudi kuomba ugavana akiwa mgombea wa muungano wa Azimio. Sakaja akamshinda. Kumbe angebaki kimya ofisini miaka mitatu, Desemba 2020 angekuwa gavana bila kupiga hata mkutano mmoja.

#50 Msoma_Ibara
Hilo ni kweli kisheria. Kifungu cha 2, naibu anamalizia muhula.

#51 Karani_wa_Zamani
Na ndivyo ilivyokuwa Kiambu. Waititu kabanduliwa Januari 2020, James Nyoro akapanda. Meru pia, Kawira Mwangaza alipoondoka Isaac Mutuma akapanda. Kenya haijawahi kuwa na uchaguzi mdogo wa gavana, na nadhani haitakuja kuwa nao. Naibu ndiye bima ya wenye chama.

#52 Mwana_wa_Siaya
Nimekuwa nasoma kimya ila hapo @Karani_wa_Zamani lazima nikukate. Siaya, Oktoba 2013. Mahakama ilibatilisha ushindi wa Cornel Rasanga, tukarudi kwa debe, akamshinda William Oduol tena. Tulipiga kura, nilikuwepo, wino ulikaa kidoleni mpaka nikaenda nao harusini.

#53 Karani_wa_Zamani
Ile ni kubatilishwa matokeo. Serikali haikuanguka, gavana alikuwa hajahesabika kuwa gavana. Mimi nazungumzia kiti kilichoachwa wazi katikati ya muhula.

#54 Mwana_wa_Siaya
Ulisema "haijawahi." Hukusema katikati ya muhula.

#55 Karani_wa_Zamani
Nasema sasa.

#56 Msoma_Ibara
Mwana_wa_Siaya yuko sahihi kwa maneno, Karani kwa maana. Kwa kubanduliwa au kufa, kila mara naibu alikuwepo. Nairobi ndiyo ilikuwa mara pekee ambapo hakuwepo, na akapatikana kabla ya siku 60 kuisha.

#57 Nyumba_Kumi_Kumi
"Akapatikana." Kama ufunguo uliokuwa mfukoni.

#58 Mwana_wa_Siaya
Wino wa fulana, kuna mtu huku kwetu anataka fulana za timu ya mpira. Bado unachapa? Bila tarehe.

#59 Wino_Mweusi
Nachapa. Malipo yote kwanza.